Mdogo Wangu, Tengeneza Chumba Kabla ya Kununua Maiki

Wadogo zangu, barua nyingi mlizoniletea safari hii zinauliza jambo moja. Kuna anayetunga mashairi na anataka kuyaghani ayarushe mtandaoni. Kuna anayewasimulia watoto hadithi kila jioni, na majirani wamemshauri azirekodi. Kuna mwalimu wa sekondari anayetaka wanafunzi wake wasikilize masomo wakiwa nyumbani. Wote wana kompyuta, wote wana sauti, na wote wanataka niwatajie maiki ya kununua.

Dada yenu nawajibu hivi: fedha hiyo iwekeni kwanza. Kwa anayerekodi nyumbani, chumba kina nguvu kuliko maiki. Maiki ya bei kubwa ikiwa ndani ya chumba kibaya itanasa ubaya wa chumba hicho vizuri zaidi, basi. Maiki ya kawaida ndani ya chumba kizuri itakupa sauti ambayo msikilizaji ataivumilia saa nzima bila kuchoka.

Fanya jaribio hili leo. Simama katikati ya sebule, piga kofi moja kubwa, kisha nyamaza usikilize. Kama nyumba yenu ina sakafu ya vigae, kuta za saruji na madirisha mapana ya vioo, utasikia mlio mwembamba ukifuata kofi lako. Huo ndio mwangwi, na ndio unaofanya rekodi nyingi za nyumbani zisikike kama mtu anayezungumza akiwa bafuni. Sasa ingia chumbani kwako, penye kitanda, godoro na nguo nyingi, upige kofi lile lile. Mlio unakufa hapo hapo. Hiyo ndiyo studio yako.

Msidhani kompyuta itauondoa mwangwi baadaye. Kelele ya feni huwa ni mvumo mmoja usiobadilika, kwa hiyo kompyuta inaweza kuutambua na kuupunguza. Mwangwi ni sauti yako mwenyewe, inayogonga ukuta na kurudi ikiwa imechelewa kidogo, na inajichanganya na neno linalofuata. Kuitenganisha ni kazi ngumu. Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazodai kuiondoa, na baadhi hufaulu kwa kiasi, lakini mara nyingi hubadilisha hata sauti ya mwenyewe: herufi zinalainika, pumzi zinapotea, na mshairi wa Lamu anatoka akisikika kama mashine ya benki. Usikubali sauti yako ifanyiwe hivyo ikiwa blanketi mbili zingetosha.

Kwa hiyo fungua milango ya kabati la nguo. Shusha mapazia, na kama ni membamba ning'iniza blanketi juu yake. Tandika zulia au godoro la ziada mbele ya meza. Kanga moja hupunguza kidogo ile milio mikali ya juu, lakini sauti nzito hupita kama vile hakuna kitu. Kinachonyonya sauti ni unene. Na watu wengi husahau sehemu ya nyuma. Maiki inakutazama wewe, maana yake inasikia pia ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Basi hapo mgongoni ndipo pa kuweka blanketi zito kuliko yote.

Trei za mayai ziacheni. Nimeona picha za vyumba vilivyobandikwa trei ukutani kote, na nawaonea huruma walioifanya kazi ile, kwa sababu karatasi nyembamba kiasi hicho hainyonyi sauti ya maana, haizuii kelele ya jirani, na moto ukitokea inashika upesi.

Kelele ya nje ni habari nyingine. Godoro halizuii bodaboda. Jogoo, adhana, mashine ya kusaga, runinga ya jirani na mvua juu ya bati havina dawa isipokuwa kuchagua saa. Keti siku moja dirishani ukiandika mtaa wenu unanyamaza lini. Kila mtaa una saa yake. Kwa wengi ni baada ya saa nne usiku, au ule muda mfupi kati ya kwisha kwa swala ya alfajiri na kuanza kwa magari. Zima friji kama liko karibu, na uweke funguo za nyumba ndani yake ili usisahau kuliwasha. Feni nayo, najua Dar na Mombasa joto halina huruma, lakini izime unaporekodi na uiwashe unapopumzika. Rekodi vipande vya dakika kumi kumi. Utapona joto, na sauti itapata mapumziko inayoyahitaji.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili kampuni ya HMV imrekodi kwenye sahani za santuri. Safari ya bahari nzima kwa ajili ya kurekodiwa! Wewe leo unahitaji kufunga mlango na kuwaomba wadogo zako watulie. Tafadhali usiidharau nafasi hiyo.

Sasa tuje kwenye maiki yenyewe. Kama una simu janja, tayari unayo. Maiki ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaja. Elekeza upande huo kwako, simu iwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, juu ya vitabu au kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mtikisiko wa meza. Iweke katika hali ya ndege, maana simu ikiingia katikati ya ubeti utaanza upya. Tumia programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu, kisha hamishia faili kwenye kompyuta kwa waya. Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukitegemea kuja kuuhariri. Ule hubanwa sana ili uende haraka, na kilichobanwa hakirudi.

Umbali nausisitiza kuliko yote. Ukisogea karibu na maiki, sauti yako inakuwa kubwa huku mwangwi wa chumba ukibaki vile vile, kwa hiyo unaushinda. Ukikaa mbali, maiki inasikia chumba kuliko wewe, halafu utaipandisha sauti kwenye kompyuta na chumba nacho kitapanda. Shibiri moja, basi. Lakini usiielekeze katikati ya mdomo. Herufi p na b hutoa pumzi inayogonga maiki na kuacha mshindo mzito. Weka maiki pembeni kidogo, kwenye kona ya mdomo, pumzi ipite kando. Jipime kwa sentensi yoyote iliyojaa p, mimi hupenda "Papa wa Pemba hupita polepole." Ukisikia mishindo, sogeza maiki kidogo zaidi upande.

Siku utakapokuwa na fedha, uliza jambo moja dukani: maiki hii ni ya kondensa au ya dainamiki? Ya kondensa ina usikivu mwingi, inanasa hata saa ya ukutani, na inamfaa mwenye chumba tulivu. Ya dainamiki husikia zaidi kilicho karibu nayo, kwa hiyo kwa nyumba nyingi za mjini ndiyo ningekushauri, hata kama muuzaji anaisifia ile nyingine. Chukua yenye waya wa USB inayoingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Kama ni ile ndogo ya kubana kwenye nguo, angalia pini yake: iliyotengenezwa kwa ajili ya simu huwa na mikanda mitatu myeusi, ya kamera huwa na miwili, na ukizichanganya unaweza usipate sauti kabisa ukadhani umeuziwa mbovu.

Pamoja na maiki, pata hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, na nyingi hushusha ubora maiki yake inapotumika. Bila hedifoni huwezi kujua kinachoingia. Spika nazo zizimwe unaporekodi, la sivyo maiki itanasa sauti inayotoka humo.

Programu sitaizungumzia sana, kwa sababu watu hubishana bure. Audacity ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na iko tangu mwaka 2000. Aliyeianzisha ni Dominic Mazzoni pamoja na Roger Dannenberg huko Carnegie Mellon, Marekani. Inatosha kwa masimulizi, mashairi na masomo. Pakua kutoka tovuti yake yenyewe, usichukue ya kwenye flashi ya rafiki, kwani virusi hupenda njia hiyo. Mwenye Mac ana GarageBand. Anayetaka kupanga ngoma, gitaa na sauti nyingi za kuimba atakuja kuhitaji Reaper au nyingine ya aina hiyo, lakini huyo namshauri amalize kwanza kazi moja kwenye alichonacho.

Kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, fanya haya. Chagua sauti ya mono; mdomo wako ni mmoja, hauhitaji stirio, na faili litakuwa nusu. Sampuli weka 44,100 kwa sekunde, au 48,000 kama sauti itaenda kwenye video. Halafu soma kwa nguvu ile ile utakayotumia, ukiangalia kipimo cha sauti. Kawaida icheze karibu na desibeli -12, na ukipaza iguse -6. Sifuri ni dari. Sauti ikigonga dari inapasuka, vilele vya mawimbi vinakatika, na kilichokatika hakipo tena mahali popote. Sauti ndogo unaweza kuikuza baadaye. Iliyopasuka ni ya kurudiwa.

Chomoa chaja ya kompyuta ukiweza. Umeme wetu, Tanzania na Kenya, ni wa hezi 50, na chaja nyingi hupitisha mvumo wake mpaka kwenye rekodi. Ukitumia betri mvumo huo mara nyingi hutoweka, na umeme ukikatika kazi yako haikatiki nao. Hifadhi mradi kwa jina lake kabla hata hujaanza, kisha kila baada ya kipande.

Ukishaanza kurekodi, kaa kimya sekunde kumi na tano. Usihame, usipekue karatasi. Kimya hicho cha chumba chako utakihitaji sana, nitakuambia kwa nini. Ukikosea neno, usisimamishe. Piga kofi moja, pumua, urudie sentensi nzima toka mwanzo wake. Rudia sentensi, si neno, kwa sababu lafudhi hupanda na kushuka ndani ya sentensi, na neno lililopachikwa peke yake hujulikana. Kofi nalo litaonekana kwenye mawimbi kama mwiba mrefu, hivyo wakati wa kuhariri utayaona makosa yako kwa macho bila kusikiliza saa nzima.

Sasa kuhariri, na hapa nataka tukae kidogo.

Kwanza, tengeneza nakala ya rekodi ghafi na usiiguse kamwe. Kisha sikiliza yote bila kukata chochote, ukiweka alama mahali penye tatizo. Kwenye Audacity, Ctrl na M huweka alama sauti ikiwa inaendelea kucheza. Ukikata huku ukisikiliza kwa mara ya kwanza utakata mengi mno, kwa sababu bado hujajua hadithi inakwenda wapi. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye alama moja moja.

Kata kwenye ukimya, kati ya maneno, usikate ndani ya sauti. Kama baada ya kukata unasikia "tik", umekata mahali ambapo wimbi liko juu. Chagua sehemu hiyo, bonyeza Z, na Audacity itasogeza ncha za chaguo mpaka pale wimbi linapovuka sifuri. Na unapotoa kikohozi au honi ya gari katikati ya maneno, usiache pengo la ukimya kamili. Chumba chochote kina mvumo wake mdogo, na sikio hugundua mara moja ukipotea, ikawa kama umeme umekatika. Hapo ndipo unanakili kipande cha zile sekunde kumi na tano na kukibandika kwenye pengo.

Pumzi ndizo zinazowasumbua wengi. Mwalimu yule ameniuliza namna ya kuziondoa zote. Mwalimu wangu, usiziondoe. Mtu anayezungumza dakika ishirini bila kuvuta pumzi humfanya msikilizaji naye abanwe kifua bila kujua sababu. Iliyo kubwa mno ipunguze nguvu tu, iwe karibu nusu. Kwa anayeghani shairi nasema zaidi: pumziko kati ya ukwapi na utao ni sehemu ya shairi, lina kipimo chake kama vina na mizani, na mhariri anayelifupisha ili faili liwe dogo ameliharibu shairi la mtu. Vivyo hivyo kwa msimulizi anayenyamaza kabla fisi hajafungua mlango. Watoto wanaungoja ukimya ule.

Usafishaji una utaratibu wake, na utaratibu ukivurugwa matokeo huvurugika. Anza kwa kuchuja sauti nzito zilizo chini ya hezi 80. Sauti ya mwanadamu akizungumza kwa kawaida haifiki huko, kilichopo ni mtikisiko wa meza na mngurumo wa magari. Kisha punguza kelele. Audacity huifanya kwa hatua mbili: unaichagulia ule ukimya wa mwanzoni ili ijifunze kelele ya chumba chako, halafu unachagua rekodi nzima na kuiamuru ipunguze. Punguza desibeli 6, zikizidi sana 12. Ukitaka ukimya wa kaburini kwa kupunguza 24 au 30, sauti itatoka kama ya mtu aliyetumbukia ndani ya pipa la maji. Jua pia kwamba kifaa hiki kinafaa kwa mvumo wa kudumu peke yake. Jogoo akiwika, ni kukata au kurudia.

Baada ya hapo sawazisha nguvu, yaani ushushe kidogo sehemu za sauti kubwa ili zisiachane sana na sehemu za kunong'ona. Kwa mwalimu, sawazisha vya kutosha, kwani wanafunzi watasikiliza ndani ya daladala. Kwa mshairi, gusa kidogo sana. Mwisho kabisa ndipo upandishe ukubwa wa jumla. Apple huwashauri watayarishaji wa podikasti walenge -16 kwenye kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LUFS, na kilele cha juu kisizidi desibeli -1. Kwa mono iliyo peke yake Audacity hupendekeza utumie alama inayoihesabu kama stirio, basi iwashe. Ukifuata vipimo hivyo, msikilizaji hatalazimika kuongeza sauti anapofika kwako na kuipunguza anapokwenda kwa mwingine.

Ukimaliza, isikilize kwenye spika ya simu ya kawaida. Wengi watakusikiliza kwa simu. Mimi huilaza rekodi usiku mmoja kabla ya kuihukumu, kwani sikio lililochoka hukubali kila kitu.

Kuhusu kuhifadhi, hesabu zenu zisiwe za kukisia. Faili la WAV la mono, biti 16, linakula karibu MB 5 kwa dakika, yaani kama MB 300 kwa saa. Mradi wa Audacity wenyewe, kwa kuwa hutumia biti 32, ni mara mbili ya hapo. Rekodi ghafi na toleo la mwisho viwekwe kwa WAV, nakala mbili, na moja ikae nje ya nyumba hiyo, hata kama ni diski kwa shangazi. Toleo la kutuma liwe MP3. Kwa maneno matupu, mono ya kbps 64 inatosha na saa nzima haifiki MB 30. Ikiwa kuna muziki, nenda 128. Mfikirie mwanafunzi anayenunua bando la shilingi mia tano kabla hujamtumia faili la MB 300.

Muziki wa watu msiuweke chini ya sauti zenu bila ruhusa. Hakimiliki ipo, na wanaoisimamia ni COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, na mtandao nao huufuta wimbo bila kukuuliza. Kama unaye rafiki anayepiga udi au gitaa, mwombe apige kwa dakika mbili, na umtaje jina.

Nimebakiza barua moja, ya binti wa Tanga ambaye hakuuliza kuhusu maiki. Anataka kumrekodi bibi yake akisimulia habari za ujana wake, na anaogopa kwamba chumba cha bibi kina kelele na kompyuta yake ni ya zamani.

Mdogo wangu, wewe usingoje chochote. Haya yote niliyoyaandika ni kwa mtu anayeweza kurudia kesho. Bibi yako mketishe kitandani kwake, mwekee simu shibiri moja na nusu juu ya mto, kwa idhini yake, akijua unamrekodi na sauti hiyo utaipeleka wapi. Mwanzoni taja tarehe na mahali, naye ataje jina lake kamili kwa ulimi wake mwenyewe. Usimkatize. Ukiitikia, itikia kwa kichwa, kwani "ehe" zako zitalala juu ya maneno yake na hazitatoka. Jogoo akiwika mwache awike. Na utakapokuja kuhariri, usihamishe jibu lake kwenda kwenye swali ambalo hakuulizwa, usikate "labda" wala "nadhani" zake ili aonekane ana uhakika, wala usisafishe lafudhi yake. Kata kikohozi tu, na ile rekodi nzima isiyoguswa iwepo daima.

Nendeni mkapige makofi vyumbani mwenu jioni hii. Na wewe wa Tanga, nenda kwa bibi Jumapili hii hii, kisha uniandikie alivyokusimulia.